Ule Mkwaju Katikati ya Digrii Yangu

Juzi usiku, saa tano kasoro, mdogo wangu alinipigia simu akinong'ona kwa sababu mathe alikuwa ameshalala.

"Siz, nisaidie. Dirisha la kubadilisha kozi linafungwa Ijumaa. Wamenipa ualimu, Kiswahili na Historia, kama wewe. Mjomba anasema nibadilishe, nichukue kitu kimoja kinachoeleweka."

Kitu kimoja kinachoeleweka. Hayo maneno niliambiwa mimi pia, miaka minne iliyopita, na mjomba huyohuyo, kwenye sebule ileile. Alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na mandazi mkono wa pili, na hakuna aliyemwambia achague.

Nilimwambia mdogo wangu nitampigia kesho. Lakini nilipokaa kufikiria nitamwambia nini, niligundua jibu langu ni refu kuliko bando nililonalo. Tena najua si yeye peke yake. Kuna wasee wengi saa hii wanaangalia barua zao za kuingia chuo, wanaona majina ya masomo mawili yamebanwa pamoja, na wanajiuliza kama wamepewa digrii moja ama nusu mbili. Kwa hivyo nimeamua kuandika.

Tuanze na hiyo alama. Barua yangu ilisema: Shahada ya Elimu (Sanaa), Kiswahili/Historia. Kile kistari kilicholala upande, mwalimu wangu wa Kidato cha Pili alitufundisha kinaitwa mkwaju. Ni jina lile la mti wa ukwaju, na ndilo jina watangazaji wa mpira hulitumia penalti ikipigwa. Kwenye kampasi hatusemi mkwaju. Tunasema kombi. Ukikutana na mtu wa ualimu, swali la kwanza hata kabla ya jina ni "Kombi yako?" Kiswa/Histo. Kiswa/CRE. Hesabu/Fizikia. Bayo/Kemia. Wale wa Kiingereza na Fasihi hao ni kama mapacha, huwezi kuwatenganisha.

Nilikuwa nafikiri kombi ni kitu kilichokuwepo tangu zamani, kama jua. Kumbe kina historia yake, na ukiijua unaelewa kwa nini mjomba anaongea hivyo.

Dharau ilikuja kwa meli

Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi. Vijana 14, wote wa kiume, wakisoma useremala, ujenzi na umakanika. Digrii haikuwa hata kwenye ndoto. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza iliunda Tume ya Asquith kuangalia elimu ya juu kwenye makoloni, na tume hiyo ikapendekeza vyuo vya makoloni vifungamanishwe na Chuo Kikuu cha London. Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia 1949 Makerere ikawa inaandaa wanafunzi kwa mitihani ya London. Umekaa Kampala, jua linawaka, lakini digrii yako ni ya London.

Na digrii ambayo London iliileta kwanza ilikuwa ile ya jumla: unasoma masomo kadhaa kwa pamoja, si moja pekee. Shahada ya heshima katika somo moja ilikuja baadaye. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa mfano, alisoma Makerere kuanzia 1959, na yeye alikuwa kwenye ile ya heshima ya Kiingereza.

Angalia tu majina yenyewe. Ukisoma kitu kimoja, digrii yako ina "heshima". Ukisoma vitu viwili ama vitatu, digrii yako ni ya "jumla", kama bei ya sukari kwa gunia. Huo mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini haukutoka Gikomba wala Kongowea. Ulikuja kwa meli na makaratasi ya mitihani. Mjomba hajui kwamba anarudia maneno ya watu waliokufa kitambo, lakini anayarudia vizuri sana.

Na kichekesho ni kwamba hata huko kwa Waingereza hawakuwa wamekubaliana. Oxford, mwaka 1920, walianzisha digrii moja yenye masomo matatu: falsafa, siasa na uchumi. Harold Wilson aliisoma. Edward Heath aliisoma. David Cameron aliisoma. Wote watatu walikuwa mawaziri wakuu wa Uingereza. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini hawakuchukua kitu kimoja kinachoeleweka.

Uskoti nako walikuwa na desturi yao ya kumpitisha mwanafunzi kwenye masomo mengi. Julius Nyerere alikuwa ameshapata diploma ya ualimu Makerere alipoenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Huko alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, falsafa ya maadili, hata sheria ya katiba, yote ndani ya shahada moja. Alirudi 1952, akafundisha shule ya Pugu, na mengine unayajua. Ila kuna kitu kimoja watu husahau. Mwaka 1963, akiwa rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili. Hebu fikiria: mtawala wa nchi changa, anakaa usiku kutafsiri mchezo kuhusu mtawala anayeuawa na marafiki zake. Hiyo ni historia, ni siasa, ni lugha, na hakuna mahali aliposimama kuuliza hii ni ya idara gani.

Kwetu ilikuwa hesabu

Sasa turudi Kenya, kwa sababu hapa kwetu kombi ina sababu nyingine kabisa, na lazima niseme ukweli hata kama haunifurahishi.

Tulipopata uhuru 1963 nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi kama 30,000 hivi. Soma tena. Nchi nzima. Na walimu wengi wa hizo shule walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa ripoti yake ya kwanza 1964, ikisema elimu sasa ijenge taifa moja na itoe watu wa kufanya kazi za nchi. Wananchi nao hawakungoja. Walichanga kuku, mbuzi na shilingi, wakajenga shule za harambee. Babu na nyanya zetu walibeba mawe.

Lakini ukishajenga darasa unahitaji mwalimu. Na hapo ndipo hesabu inapoanza. Tuchukulie una shule ndogo ya kijijini yenye madarasa manne, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Historia ikiwa na vipindi vitatu kwa wiki kwa kila darasa, hivyo ni vipindi 12. Mwalimu wa historia pekee atamaliza vipindi vyake, halafu sehemu kubwa ya wiki amekaa chumba cha walimu akinywa chai, na huku watoto hawana mtu wa Kiswahili. Mpe masomo mawili, umepata walimu wawili kwa mshahara mmoja.

TSC iliundwa 1967 ili walimu wawe na mwajiri mmoja badala ya kila dhehebu na kila baraza kuwa na wake. Na kule Kahawa, Waingereza walikuwa wameacha kambi ya jeshi. Mwaka 1965 waliikabidhi serikali, ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 chuo hicho kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1972 kikapokea wanafunzi 200 wa kwanza wa Shahada ya Elimu. Mwaka 1978 kitivo chote cha elimu cha Nairobi kilihamishiwa huko. Mabweni ya wanajeshi yakawa mabweni ya walimu.

Halafu ikaja 8-4-4 mwaka 1985, na Kiswahili kikawa lazima, kinatahiniwa msingi hadi sekondari. Kabla ya hapo ungeweza kukikwepa. Ghafla kila shule, kuanzia Lodwar hadi Lunga Lunga, ilihitaji mwalimu wa Kiswahili. Na huyo mwalimu alihitaji somo la pili. Mpaka leo, ukitaka kusajiliwa kufundisha sekondari kwa digrii ya sanaa, TSC inataka masomo mawili ya kufundishia, na uwe ulipata angalau C+ kwenye kila moja.

Kwa hivyo mkwaju wangu haukuwekwa na mwanafalsafa aliyeona jinsi maarifa yanavyoshikana. Uliwekwa na watu wa bajeti. Nilipoelewa hivyo, mwaka wa pili, nilisikia vibaya kidogo. Ni kama kujua wazazi wako walioana kwa sababu ya kugawana kodi ya nyumba.

Jumatatu na Jumatano

Lakini watu wanaoana kwa sababu ya kodi wakati mwingine hupendana. Wacha nisimulie kilichonitokea.

Mwaka huohuo wa pili, Jumatatu saa mbili asubuhi, nilikuwa na lekcha ya historia ya Afrika Mashariki karne ya 19. Ukumbi mkubwa, tuko kama watu 300, nusu wamelala. Mada ilikuwa Mombasa na Oman. Kwa kifupi ni hivi. Wamazrui walitawala Mombasa kwa niaba ya Oman. Oman ilipobadilisha ukoo wa watawala katika karne ya 18, ikaja kwa Wabusaidi, Wamazrui walikataa kuwatambua. Wakakaa na mji wao na Fort Jesus yao. Seyyid Said alipokuwa mtawala wa Oman aliitaka Mombasa irudi. Mwaka 1824 Wamazrui, wakitafuta kinga, walimkubalia Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza apandishe bendera ya Uingereza. London haikuidhinisha, na 1826 Waingereza wakaondoka. Seyyid Said akaja, akarudishwa, akaja tena. Mwaka 1837 Mombasa ikaanguka, na viongozi wa Wamazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Mhadhiri akafunga faili. Swali la mtihani: jadili sababu tano za kuanguka kwa Wamazrui. Nikaandika tano.

Jumatano alasiri, jengo jingine, mhadhiri mwingine, lekcha ya ushairi wa Kiswahili. Mada: Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tulihesabu mizani. Tulitafuta vina vya kati na vya mwisho. Tukaandika kwamba mtunzi anahimiza ujasiri, anawakejeli maadui, anatumia taswira za bahari na vyombo. Nikaandika hivyo: taswira za vyombo.

Nilikuwa njiani kwenda kudishi nilipogutuka. Muyaka alizaliwa takriban 1776, akafa takriban 1840. Mombasa. Manze, huyo mtu alikuwepo! Zile hazikuwa taswira za vyombo. Vilikuwa vyombo. Vya Seyyid Said, vinakuja kweli, na yeye amesimama ufuoni anaviona. Adui ambaye Jumatano tulimwita "adui" bila jina, Jumatatu tulikuwa tumempa jina, tarehe na sababu tano.

Niliketi kwenye ukingo wa ule mfereji karibu na mesi, chakula kikanipita. Historia ilikuwa imeniambia nani alishinda. Ushairi ulikuwa unaniambia jinsi watu wa Mombasa walivyojiona siku ambazo walikuwa bado hawajashindwa, na walidhani huenda hawatashindwa. Ukisoma historia pekee, Wamazrui wanaanza kuanguka kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu tayari unajua mwisho. Ukisoma na Muyaka kando yake, 1837 haijafika. Watu wako sokoni, wanatongozana, wanalalamikia njaa, wanatupiana mafumbo, na wanaapa hawatasalimu amri.

Halafu nikaenda kutafuta jinsi hayo mashairi yalivyotufikia. Muyaka hakuacha diwani iliyochapishwa. Mashairi yake yaliishi midomoni mwa watu wa Mombasa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa huko Mombasa aliyakusanya, akafanya kazi na mmisionari W. E. Taylor kuyaandika na kuyafafanua. Mwaka 1940 Hichens akayachapisha kule Afrika Kusini. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, akiweka mashairi pamoja na maisha ya mji wenyewe. Angalia huo mnyororo. Bila mtu aliyejua lugha, historia ile ingepotea. Na bila mtu aliyejua historia, mashairi yale yangebaki mafumbo bila ufunguo.

Hii si bahati yangu peke yangu. Oktoba 1968, pale Nairobi, wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake paje idara inayoanzia Afrika, na fasihi simulizi ikiwa kiini. Hoja yao moja ilikuwa kwamba fasihi simulizi haikai kwenye sanduku moja. Ina muziki ndani yake, ina historia, ina dini, ina falsafa. Bethwell Ogot naye, mwaka 1967, alichapisha historia ya Waluo wa kusini akitegemea masimulizi ya wazee, wakati ambapo wasomi wengi walikuwa bado wanasema bila karatasi hakuna historia. Aliweza kwa sababu aliwaelewa wale wazee waliposimulia. Lugha ilikuwa ndiyo maktaba.

Mgeni kwenye nyumba mbili

Mwaka wa nne nilipeleka pendekezo la mradi wa utafiti: mashairi ya Muyaka kama chanzo cha historia ya Mombasa kati ya 1824 na 1837. Nilikuwa na furaha kama mtoto wa Krismasi.

Idara ya kwanza waliniambia, hii ni fasihi, peleka kule. Idara ya pili waliniambia, hii ni historia, peleka kule. Nilipanda na kushuka ngazi za majengo mawili kwa wiki mbili. Hakuna aliyekuwa mbaya. Mmoja hata alinikaribisha kiti na kuniambia kwa upole, "Msichana wangu, wazo ni zuri, lakini nani atasahihisha?" Swali lake lilikuwa la haki. Fomu ilikuwa na nafasi ya msimamizi mmoja.

Mwishowe niliandika juu ya taswira za vita katika mashairi teule ya Muyaka. Historia ilipewa kurasa mbili mwanzoni, chini ya kichwa "Usuli". Kurasa nyingine 11 nilizozitoa ziko kwenye laptopu yangu mpaka leo. Nilipita vizuri. Lakini bado naona nilikabidhi kazi yenye mguu mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa shida halisi ya kombi, na si ile anayoisema mjomba. Yeye anasema masomo mawili ni mengi. Mimi nasema chuo kilinipa masomo mawili halafu kikaniachia mimi kazi ya kuyaunganisha. Mtu wa bajeti aliweka mkwaju, akaenda zake. Miaka yote hiyo hakuna aliyerudi kuuliza pale katikati kuna nini. Ratiba haijui kwamba wewe ni mtu mmoja, ndiyo maana unaweza kupata mitihani miwili saa moja. Watu wa historia wanakuona ni mtu wa ualimu. Watu wa Kiswahili wanakuona vivyo hivyo. Unakuwa mgeni kwenye nyumba mbili, kila moja ikidhani umekula kwa jirani.

Na bado singebadilisha. Sababu ni kitu kilichotokea nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Nilipelekwa shule ya kutwa, sitaitaja. Kidato cha Tatu, historia, kipindi cha mwisho Alhamisi, jua la kuua. Niliwasimulia habari za Mombasa kama ilivyo kwenye kitabu, nikaona macho yanafunga. Basi nikaweka kitabu chini, nikawasomea shairi moja la Muyaka, polepole, nikiwaeleza maneno magumu, kisha nikawaambia meli ziko wapi wakati shairi linatungwa. Kijana mmoja wa nyuma, wa wale wanaolala hadi unawasahau, aliinua kichwa.

"Mwalimu, kwa hivyo huyu alikuwa hajui watashindwa?"

Darasa likageuka kumwangalia. Halafu msichana wa mbele akasema labda alijua, ndiyo maana alikuwa anajigamba sana. Wakaanza kubishana. Mtu anaimba kwa sauti kwa sababu hana woga, ama kwa sababu anao? Kengele ililia na hawakutoka mara moja. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Lakini hilo swali si la historia pekee, wala si la Kiswahili pekee, na lilitoka kwa mtoto ambaye muhula mzima alikuwa hajauliza kitu.

Kesho yake mkuu wa idara aliniambia niangalie silabasi, niko nyuma mada mbili. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nyuma.

Kwa hivyo, mdogo wangu

Sitakudanganya. Kombi ni kazi. Utasoma zaidi ya rafiki yako wa somo moja, na yeye atakuzidi kina kwenye hilo somo lake. Mjomba ana hoja hapo. Ukitaka kwenda mbele kwenye uzamili utaulizwa wewe ni wa wapi, na utalazimika kuchagua. Na kazi ya TSC si ya kukimbilia leo na kuipata kesho, walimu waliohitimu na wanangoja unawajua, wengine ni majirani zetu. Kama unataka uhakika wa mshahara, mkwaju hautakupa, na somo moja nalo halitakupa.

Kama kuna somo moja tu linalokuamsha usiku na la pili ni mzigo, badilisha. Usikae kwa sababu mimi nilikaa. Lakini usibadilishe kwa sababu mtu amekuambia viwili ni sawa na nusu mbili. Hiyo ni hesabu ya London ya zamani, na hata London yenyewe hawakuipiga vizuri.

Ukikaa, fanya jambo moja ambalo mimi nilichelewa kulifanya. Kuanzia wiki ya kwanza, kuwa na daftari la tatu. Moja la Kiswahili, moja la Historia, na la tatu la vitu vinavyogongana. Mwana Kupona aliandika utendi wake 1858, je, Lamu na Siyu zilikuwa katika hali gani mwaka huo? Al-Inkishafi inaomboleza majumba ya Pate yaliyobomoka, je, Pate ilianguka vipi? Hakuna mtu atakayesahihisha hilo daftari. Ndilo litakuwa digrii yako.

Na kwa vyuo, kama kuna mtu wa chuo anasoma: hatuombi kitivo kipya wala jengo. Tunaomba kozi moja, mwaka wa tatu, yenye wahadhiri wawili darasani kwa wakati mmoja. Tunaomba fomu ya utafiti yenye nafasi ya wasimamizi wawili. Hiyo ni gharama ya wino. Januari 2026 watoto wa kwanza wa CBE waliingia Gredi ya 10, kila mmoja amechagua mkondo wake na masomo yake matatu. Wakifika chuoni watauliza haya masomo yanakutana wapi, na itakuwa aibu tukiwajibu "peleka kule".

Nilimtumia mdogo wangu haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Alikaa kimya karibu saa nzima, nikajua amelala. Halafu simu ikalia.

"Nimesoma. Ni ndefu sana."

"Najua."

"Nimeacha kozi vile ilivyo. Lakini nikichoka nitakulaumu wewe."

"Sawa. Na mjomba utamwambia nini?"

Akafikiria kidogo. "Nitamwambia aache mandazi, anywe chai peke yake."